Mikebe Miwili Chini ya Meza

Andiko la somo: Kumbukumbu la Torati 25:13-16. Soma pia Luka 6:38 na Yakobo 2:1-9.



Mchungaji aliponiomba niandike ushuhuda huu kwenye jarida letu la wiki, nilikataa mara mbili. Mara ya tatu aliniambia niandike tu vile ilivyokuwa, bila kupaka rangi. Basi nitaandika. Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule mama wa nafaka, kibanda changu kiko kando ya barabara hapa Kayole, na baadhi yenu mmekula maharagwe yangu.

Ilikuwa Jumamosi moja mwaka jana. Nilikuwa nimeenda kupeleka pesa ya chama, nikamwacha binti yangu wa miaka 11 akiangalia biashara. Niliporudi nilikuta wateja wawili mbele ya meza. Sikujionyesha mara moja. Nilisimama nyuma ya kibanda cha jirani, nione mtoto anavyojimudu.

Wa kwanza alikuwa kijana wa mjengo, viatu vimejaa simiti. Aliitisha gorogoro moja ya maharagwe. Binti yangu akainama, akatoa mkebe chini ya meza, akajaza, akapitisha kiganja juu, akamimina. Kijana akalipa, akaenda. Wa pili alikuwa dada yetu wa hapa kanisani, mjane, tuko naye kikundi kimoja cha nyumbani. Naye aliitisha gorogoro moja. Binti yangu akainama tena, akaurudisha ule mkebe wa kwanza, akatoa mwingine.

Mkebe wa kwanza ulikuwa umebonyezwa kitako kwa ndani. Wa pili ulikuwa mzima.

Nilinyamaza. Ningeweza kumwita yule kijana arudi, alikuwa hajafika hata kwa fundi wa viatu. Lakini dada wa kanisa alikuwa pale pale, na kumwita kijana kungekuwa kueleza. Kwa hivyo nilinyamaza mpaka wote wakaenda. Ndipo nikamuuliza mtoto, "Nani alikufunza kupima hivyo?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si ni wewe, mum? Huyo ni wa kanisa. Yule mwingine ni kastama tu."

Sijawahi kumfundisha. Sikuwahi hata siku moja kumwambia, "Mtoto wangu, huu ni wa wale na huu ni wa hawa." Alijifunza kwa kukaa kando yangu akifanya kazi ya shule juu ya gunia. Na swali ambalo limenisumbua tangu siku hiyo ndilo ninalotaka tuliangalie leo: kama yeye aliyapata kwangu bila kufundishwa, mimi niliyapata wapi?

Vile nilivyopewa jina

Nilikuja Nairobi mwaka 2009 kutoka Makueni. Kule kwetu nilikuwa nimesaidia mama yangu kuuza mbaazi na pojo siku za soko, na tulikuwa tunapima kwa kilele. Ukishajaza, unaongeza kichuguu juu, halafu unatupia kiganja kimoja cha mwisho kumwambia mnunuzi asante. Ndivyo nilivyojua biashara.

Kayole nilipokelewa na shosho mmoja aliyekuwa na kibanda cha nafaka. Huyu mama sitamtaja jina, na nawaomba msimtafute. Alinikopesha 3,000 za kuanzia bila kuandikishana. Alinipeleka Nyamakima akanionyesha namna ya kuchagua gunia lisilo na wadudu. Mtoto wangu wa kwanza alipopata homa usiku, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Nataka mkumbuke hayo, kwa sababu ni mtu huyo huyo aliyenifundisha kubonyeza mkebe.

Siku yangu ya kwanza nilipima kwa kilele. Kina mama wa vibanda vya karibu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akauliza kama nimetumwa na serikali kugawa chakula cha misaada. Shosho akanipa jina: Msamaria. Kila nikipima, wanaimba, "Msamaria, mwongezee!" Mwanzoni nilicheka nao. Baada ya wiki moja nilianza kuona aibu. Fikirieni jambo hilo. Nilikuwa ninaona aibu kwa kupima haki, na nimepewa jina la mtu ambaye Bwana Yesu mwenyewe alimsifu. Wiki ya tatu niliacha kilele. Mwezi wa pili shosho alikuja na nyundo na jiwe, akaugeuza mkebe wangu, akaugonga kitako mara nne. "Sasa wewe ni mtu wa Nairobi," akasema. Na mimi nilifurahi. Sikujiona nimekuwa mwizi. Nilijiona nimekubaliwa.

Ndugu zangu, hivi ndivyo jamii inavyotufunza. Wengi wetu tunadhani maadili huingia kwa masikio, kwa mahubiri na maonyo ya wazazi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini mengi huingia kupitia kicheko. Watu wakicheka jambo, mtu huliacha. Wakilipigia makofi, hulikimbilia. Wahenga walishaona: ukiingia mji wa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mwanzo unafumba ili usichekwe. Ukikaa miaka kumi, unasahau kwamba hilo jicho linaona.

Halafu kuna majina. Katika miaka hiyo yote, pale kwa vibanda sikuwahi kusikia mtu akitamka neno "kuiba". Tulisema "kujipanga". Tulisema "kurudisha pesa ya gari". Anayepima haki ni mshamba, anayebonyeza ni mjanja. Na si sisi wa nafaka peke yetu. Askari akitaka hongo anaitisha chai. Karani anataka kitu kidogo. Fundi wa stima anayekuunganishia laini ya wizi amekusaidia. Isaya 5:20 inawaonya watu wanaobadilisha majina, wanaouita ubaya wema. Nabii alijua kwamba dhambi ikishapewa jina zuri, dhamiri haitaamka ikiitwa, kwa sababu inaitwa kwa jina lisilo lake.

Hesabu ya mkebe

Acha niwape hesabu, msidhani ni mambo ya senti. Gunia la kilo 90, kwa gorogoro ya kilo mbili, hutoa gorogoro 45. Kwa mkebe wangu wa kubonyezwa lilitoa 50. Yaani kila mnunuzi alipoteza karibu gramu 200, glasi moja ya maharagwe. Nilikuwa nauza gorogoro kwa 250, kwa hivyo kila gunia liliniletea 1,250 zaidi. Hiyo ndiyo iliyolipa karo. Nilitoa fungu la kumi juu yake.

Na si mjini tu. Mkulima wa viazi naye anajua habari ya lumbesa, lile gunia linaloshonewa kofia juu mpaka linabeba zaidi ya gunia, huku analipwa bei ya gunia moja. Mwaka 2019 serikali ilitoa kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50, na bado lumbesa haijaisha. Sasa weka hizo mbili pamoja. Shambani tunanunua kwa kipimo kikubwa, mtaani tunauza kwa kipimo kidogo. Musa aliandika jambo hilo hilo katika Kumbukumbu la Torati 25: usiwe na vipimo viwili, kikubwa na kidogo. Nilikuwa nimesoma mstari huo mara nyingi, nikidhani ni mambo ya Wayahudi wa kale. Kumbe unazungumza habari ya chini ya meza yangu.

Lakini angalieni vizuri. Dhambi inayotajwa pale ni kuwa na vipimo viwili. Mtu mwenye kipimo kidogo peke yake ni mwizi wa kawaida. Mwenye viwili anajua haki ni nini, na amechagua ni nani anayestahili kupewa. Mimi mkebe mzima nilikuwa nao. Niliutunza kwa ajili ya watu wa kanisa, mzee wa nyumba kumi, mwalimu wa mtoto, na watu wa kwetu Makueni. Hapa ndipo binti yangu alinisomea moyo wangu kama kitabu. Hakujifunza kwangu kwamba wizi ni mzuri. Alijifunza kwamba haki ina wenyewe. Na hili, naamini, ndilo jambo kubwa zaidi ambalo jamii humfundisha mtu. Kila jamii duniani inasema uaminifu ni mzuri. Kile tunachokipokea kimya kimya ni orodha ya watu ambao tunawiwa huo uaminifu.

Kwa nini mji ulinibadilisha haraka

Nilijiuliza kwa nini Makueni sikubonyeza mkebe, na Nairobi niliubonyeza ndani ya miezi miwili. Kwanza nilijipa jibu la kunipendeza: kwetu nilikuwa mwema, mji ukaniharibu. Lakini Roho Mtakatifu hakuniacha hapo. Kule kwetu kila aliyenunua kwangu alimjua nyanya yangu. Ningempunja mtu asubuhi, kufikia jioni habari iko kanisani, kisimani na kwa machifu. Macho ya watu yalikuwa yananishikia mkebe. Haki yangu ya ushago ilikuwa ya kuazima. Nilipovuka na basi, niliiacha kule kwa wenyewe.

Na mitaa yetu hii ya Eastlands, tukiangalia ilivyoanza, haikuanzishwa ili watu wawe majirani. Serikali ya mkoloni ilimtaka Mwafrika mjini kama mikono ya kazi, isiyo na mji. Kuanzia miaka ya 1920 mwanaume alitembea na kipande, karatasi ya kuonyesha ni nani aliyemwandika kazi. Pumwani ulianza wakati huo. Baadaye nyumba nyingi zilizojengwa upande huu zilikuwa chumba kimoja cha mwanaume asiye na mke wala watoto karibu, aliyetarajiwa kurudi kwao kazi ikiisha. Palikuwa na mitaa iliyojaribu njia nyingine, kama Kaloleni wa miaka ya 1940, wenye nyumba za familia na ukumbi wa kijamii. Lakini somo kubwa lililobaki ni kwamba huku ni mahali pa kutafuta, nyumbani ni kwingine. Hadi leo muulize mtu aliyezaliwa Jericho au Dandora, "Kwenu ni wapi?" Atakutajia kijiji alichokiona Krismasi mbili tu.

Mkoloni alienda, lakini hilo wazo lilibaki kwenye vichwa vyetu. Mtu ambaye hayuko nyumbani hana majirani, ana kastama tu. Sisemi haya ili tulaumu historia. Nasema ili tujue kwamba kuna mafundisho tunayoyatii ambayo hakuna mchungaji aliyeyahubiri.

Je, basi mimi sina hatia?

Hapa ndugu mmoja kwenye kikundi chetu aliniuliza swali zuri. Akasema, "Sista, kama jamii ndiyo iliyokufanya hivyo, kwa nini ujilaumu? Ungezaliwa kwingine ungekuwa mwingine."

Ni kweli kwamba mtu hajiumbi peke yake. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, kwenye kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika fikra zetu mtu huwa mtu kwa sababu ya wenzake. Nafsi yake imeshikwa na jamaa. Naliamini hilo. Shosho alinishika nilipokuwa nimeanguka. Bila watu wa Kayole watoto wangu wasingekuwa hai.

Lakini Ezekieli 18 inazungumzia watu waliokuwa na methali ya kupendeza, kwamba baba alikula kitu kichungu na mtoto ndiye anayehisi ganzi kwenye meno. Mungu akawaambia waache kuitumia hiyo methali. Kila mmoja atajibu kwa yake. Na kule bustanini, Adamu alipoulizwa, alieleza mambo ambayo yote yalikuwa kweli. Ni kweli mwanamke alimpa tunda. Ni kweli mwanamke aliletwa na Mungu. Maneno yake hayakuwa na uongo hata moja, na bado yalikuwa kukwepa. Jamii inaweza kueleza nilivyofika hapa. Haiwezi kunijibia nikiulizwa.

Na kuna jambo lingine lililonifunga mdomo. Tukisema "jamii", tunaongea kama jamii ni watu wengine, wako huko nje barabarani. Jumamosi ile, kwa mtoto wa miaka 11 aliyekaa juu ya gunia, jamii ilikuwa ni mimi. Kama yeye miaka ishirini ijayo atasema, "Jamii ndiyo iliyonifanya hivi," atakuwa anataja jina langu.

Sheria na moyo

Wengine watasema dawa ni serikali. Serikali ina kazi yake. Iko Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, na maofisa wake wakisikika wanakuja, mikebe yote ya kubonyezwa kwa vibanda vyetu hufichwa kwa dakika tano. Najua kwa sababu wangu ulikuwa unafichwa kwa unga.

Nyinyi wa umri wangu mnakumbuka tarehe 1 Februari 2004, sheria za matatu za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika. Makanga wakavaa sare, tukafunga mikanda, gari likajaa kwa viti tu. Watu wale wale waliokuwa wakining'inia mlangoni Ijumaa, Jumatatu walikuwa wanapanga foleni kituoni. Hiyo ilinifundisha kwamba tabia ya jamii nzima inaweza kubadilika haraka, na anayesema "Wakenya ndivyo walivyo" amekosea. Lakini mnajua pia yaliyofuata. Kidogo kidogo mtu mmoja wa ziada akapandishwa, akakaa kwenye kibao, sisi tukasogea. Polisi hakuwa ndani ya gari. Sisi ndio tuliokuwa ndani, na tulisogea. Sheria ilikuwa imefika barabarani, haikuwa imefika kwenye kile tunachokionea aibu.

Nilichofanya, na gharama yake

Jumatatu ile niliutoa mkebe wa kubonyezwa mezani. Ili nilipe gharama zile zile kwa gorogoro 45, ilibidi bei ipande kutoka 250 hadi 280. Wenzangu wote wako 250. Mteja hapimi, anasoma kibao. Wiki ya kwanza maharagwe yangu yalikaa. Nilikuwa nauza gunia kwa siku nne, sasa likafika siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa na nyundo mkononi, sitaki kuwadanganya. Kilichonizuia ni kwamba mtoto alikuwa amekaa pale pale.

Shosho alikasirika kuliko wote. Alikuja akanisimamia. "Unataka watu waseme nini juu yetu? Kwamba sisi ni wezi?" Sikuwa na jibu. Alikuwa amenibeba, na sasa haki yangu ilikuwa inamtia aibu mbele ya wateja. Wapendwa, tukihubiri utakatifu tuseme na hili: mara nyingi atakayeumia kwanza si adui yako, ni rafiki aliyekulea katika njia ya zamani.

Nilinunua mizani ya mitumba, nikaiweka mbele ya meza, nikaandika kwa chaki: Pima mwenyewe. Zakayo katika Luka 19 aliahidi kurudisha mara nne. Mimi wateja wangu wa miaka zaidi ya kumi nisingewapata. Yule kijana wa mjengo sijamwona tena, na kila nikiona viatu vyenye simiti naangalia uso. Lakini nilienda kwa wale ninaowajua kwenye ploti za karibu. Kwa mama mmoja anayefua nguo za watu nilipeleka kilo mbili za maharagwe, nikamweleza kwa nini.

Akaniangalia, akasema, "Nilijua. Kwani unafikiria kuna mtu hajui? Nikitaka kilo mbili nilikuwa nanunua moja na nusu kwa akili yangu, basi. Ningeenda wapi?"

Maneno hayo yaliniumiza kuliko aibu yote. Nilikuwa nimedhani kwamba jamii ilinifundisha mimi tu kupunja. Kumbe ilikuwa imemfundisha naye kupunjwa. Alikuwa ameshaweka wizi wangu kwenye bajeti yake na kuacha kuuita wizi. Sote wawili tulikuwa tumekubaliana kimya kimya kwamba yeye hastahili mkebe mzima.

Leo biashara imesimama, haijawa kubwa. Kina mama wawili waliamua nao kupima kwa kilo. Mmoja alirudi kwenye mkebe wake mwezi wa Januari karo ilipombana, na siwezi kumrushia jiwe. Shosho bado anatumia mkebe wake. Lakini jioni moja, watu wakiwa wamepungua, alikuja akamimina gorogoro yake kwenye mizani yangu. Akasoma nambari, akayarudisha maharagwe kwenye mkebe, akaenda. Hakusema kitu. Hakucheka.

Kanisa ni jamii pia

Nimalizie hapa nyumbani. Warumi 12:2 inatuambia tusijifinyange kwa mfano wa ulimwengu huu. Kwa muda mrefu nilidhani hiyo ni kazi ya mtu binafsi, akaze meno peke yake. Nimejaribu kukaza meno peke yangu na nimewaambia habari ya nyundo. Mtu aliyefinyangwa na watu hutengenezwa upya na Mungu, na mara nyingi Mungu hutumia watu wengine kufanya hivyo. Danieli alikuwa Babeli amebadilishwa jina, amepewa lugha mpya na meza ya mfalme. Lakini someni vizuri mlango wa kwanza: walikuwa wanne. Wanne walitosha kuwa jamii.

Sasa tujiulize, sisi tunapigia makofi nini? Mtu akija hapa mbele na ushuhuda kwamba Bwana amemfungulia mlango, amenunua ploti, tunashangilia mpaka mabati yanalia. Je, akija mwingine aseme wiki hii nimepoteza wateja kwa sababu nimepima haki, tutashangilia? Luka 6:38, ile ahadi ya kipimo kilichoshindiliwa na kumwagika, tunaisoma kila Jumapili wakati wa sadaka. Ni mstari wa gorogoro kabisa. Lakini hatujawahi kuupeleka sokoni, ambako Jumatatu kuna mtu anasubiri kipimo kutoka kwetu.

Na Yakobo anauliza kama hatujabagua, mahali pazuri kwa mwenye nguo nzuri na miguuni kwa maskini. Hiyo nayo ni mikebe miwili. Mimi niliwapimia nyinyi vizuri kwa sababu ni wa kanisa, na mkanisifu kwamba mimi ni mwaminifu. Kwa upande wangu sifa hiyo ilikuwa sehemu ya mtego, kwa maana ilinithibitishia kwamba wa kuogopwa ni nyinyi, na yule wa mjengo si mtu.

Ombi langu ni dogo. Kwenye vikundi vyetu vya nyumbani, kabla hatujaombea mpenyo, tuulizane habari za mikebe. Mwenye ploti, unawapimiaje wapangaji maji? Mwenye boda, mgeni wa mtaa unamtoza ngapi? Mwenye mfanyakazi wa nyumbani, yeye anakula mkebe gani? Tuulizane kwa upole, kama watu ambao wote wameshika nyundo, na anayekiri tumshangilie kuliko aliyenunua gari.

Ule mkebe wa zamani nilitaka kuutupa. Binti yangu akanizuia. "Mum, ukiutupa mtu ataokota aanze kupimia." Tukautoboa matundu kwa msumari, tukapanda dhania.

Sala

Bwana Yesu, wewe unayewapimia wote kwa mkebe mmoja, utusamehe kwa wale tuliowaita wa kawaida. Utuondolee aibu ya kufanya haki, na utuwekee wenzetu watakaotushika mkono tukishika nyundo. Watoto wanaotuangalia leo, waone kitu cha kuiga. Amina.

Maswali ya kikundi cha nyumbani

1. Ni jambo gani ulilokuwa unalionea aibu ulipofika mtaani kwako, ambalo leo unalifanya bila kufikiri? Nani alikucheka, nani alikusifu?

2. Andika majina ya watu ambao huwezi kuwapunja. Ni nani hayupo kwenye orodha, na kwa nini?

3. Katika kikundi hiki, mtu akipata hasara kwa kufanya haki, tutamsaidia vipi wiki hiyo hiyo, kwa maombi na kwa mfuko?